Wakikuuliza Hali Yangu

S.L.P. 194,
Mbinga, Ruvuma.
3 Julai 2025

Mpendwa kaka Meshack,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Kahama, wewe na shemeji Anjelina na watoto. Habari za kazi, habari za vumbi la mgodini, habari za mgongo wako uliokuwa ukikusumbua? Nauliza kwa dhati na nataka jibu la kweli, maana katika ukoo wetu tumezoea kuulizana hali bila kujibiana.

Hapa ndipo ningepaswa kukuandikia kwamba sisi huku hatujambo, wazima wa afya, hofu yetu ni kwako tu. Nimeandika hivyo tangu darasa la nne. Leo siandiki. Mimi naumwa, kaka. Huu ni mwaka wa pili naumwa, na nimekasirika, na mmoja wa walionikasirisha ni wewe. Tafuta mahali ukae ndipo uendelee kusoma.

Mama, kwa upande wake, hajambo kweli. Yuko hapa kwangu. Analalamika baridi ya Mbinga, anaota moto jikoni, na ameshajua majina ya watu wote wa mtaa huu kuliko mimi niliyekaa nao miaka kumi. Nitarudi kwake baadaye.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu nikifika sentensi ya tatu pumzi inakata. Tena wewe ukishasema tu "Lidia, habari za huko," mdomo wangu unajibu "nzuri" kabla sijauzuia. Karatasi haina haraka hiyo. Atakuletea Nathaniel, yule afisa mifugo jirani yangu, aliyepata uhamisho wa huko kwenu. Mpe chai na chakula, lakini usimwulize hali yangu. Naye atakwambia nzuri.

Nianze mwanzo, usije ukasema hukuambiwa. Unajua kazi yangu ya ugani ilivyokuwa. Pikipiki hadi Ukata, pikipiki hadi Mapera, halafu unaiacha barabarani unapanda mlima kwa miguu katikati ya mashimo ya ngolo yanayozuia udongo usimomonyoke, maana wakulima wa huku wamelima mpaka kule ambako mbuzi anafikiri mara mbili. Nilikuwa napanda nikiongea. Kisha nikaanza kupanda nimenyamaza, kisha nikawa nasimama katikati ya mteremko najifanya naangalia majani ya kahawa kama yana kutu. Wakulima waliniona nimekuwa mtaalamu makini sana.

Miguu ikavimba, uso ukajaa. Na hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa, kaka, kabla hata ya mambo ya benki. Kila niliyekutana naye sokoni alinisifia. Umependeza, Lidia. Umenawiri. Mshahara unakukubali. Kanisani mama mmoja alinifinya shavu akacheka. Yalikuwa ni maji. Moyo ulikuwa umeshindwa kuyasukuma yakakaa mwilini, na watu wananipongeza kwa maji.

Daktari wa Songea ndiye mtu wa kwanza ambaye hakunisifia. Alisema moyo umetanuka na hautarudi ulivyokuwa. Dawa zitausaidia kubeba mzigo, basi. Nikapelekwa kwenye bodi ya madaktari, wakaandika kwamba siwezi tena kazi, nikastaafishwa. Ofisini walinifanyia sherehe ndogo. Walinipa kitenge na chupa ya chai, na mkuu wangu akatoa hotuba kwamba dada yetu sasa anakwenda kupumzika. Nami nikapiga makofi. Bado sijui nilikuwa nampigia nani makofi.

Sasa nyumba. Unaijua, zile ngazi za mbele ulizijenga mwenyewe ulipokuja likizo. Nilichukua mkopo wa benki kuimalizia, hati ikakaa kwao, na mshahara ulipokuwepo marejesho yalikatwa kabla sijauona. Sikuwahi kulala nikiwaza deni. Mshahara ulipokatika ndipo nilipofahamu kwamba deni halistaafu kwa ugonjwa. Mafao yangu wanasema faili liko mezani. Meza ya nani, hawasemi.

Nimelipa nilivyoweza. Vyumba viwili vya mbele nimempangisha Getrude, mwalimu aliyepangiwa huku kutoka Kagera, binti mstaarabu. Mimi na Mama tumejibana chumba cha nyuma. Kahawa yangu ya Mapera niliiuza ikiwa bado maua, kwa magoma. Ndiyo, magoma. Mimi niliyezunguka vijiji vyote miaka na miaka nikiwaambia wakulima wasimwuzie tajiri kahawa iliyo mtini, wasikubali bei ya njaa. Wiki hii wanachuma shambani kwangu, na wanaochuma si watu wangu. Nimeambiwa imezaa vizuri sana mwaka huu.

Haikutosha. Benki nilikwenda mara nyingi, na kila mara kijana yule wa mikopo ananiambia nijikaze. Nijikaze na nini, kaka? Mwezi wa tatu alikuja mtu wa dalali kupiga picha za nyumba kwa ajili ya mnada. Aliniomba niondoe nguo kwenye kamba ili picha itokee vizuri. Nikaziondoa. Nilizikusanya moja moja, zikiwa mbichi, nikampisha. Ukitaka kujua adabu tuliyolelewa nayo imenifikisha wapi, jibu ni hilo.

Lakini mkopo ule una bima, na bima hiyo nimeilipia kila mwezi. Inasema mkopaji akifa, au akipata ugonjwa wa kudumu usiomruhusu kufanya kazi, wao watalipa deni lililobaki na hati itarudi kwa mwenyewe. Nilipeleka karatasi za madaktari. Wakasema sawa, ila lazima mtu wao aje anione kwa macho na awaulize ndugu. Ndiyo akaja Bwana Pankras, mwezi wa tano, wiki chache baada ya nyinyi kuondoka Pasaka.

Mama alikuwa ndiyo amefika kutoka Liuli, na samaki wawili wakubwa, mbasa wa ziwani, kwenye kikapu. Bwana Pankras alipopiga hodi nilikuwa kitandani, nimeegemea mito, miguu juu ya stuli kama nilivyoagizwa. Laiti angepitiliza moja kwa moja. Mama alimkalisha sebuleni, akaja chumbani, akafunga mlango, akasema mgeni wa ofisi hawezi kunikuta nimelala kama mtu asiye na mama. Akanipangusa uso, akanipaka mafuta, akanifunga kitenge kile cha kuagwa kazini. Nilimwambia huyu mtu amekuja kuangalia ugonjwa. Akasema basi auangalie ukiwa safi.

Sebuleni Bwana Pankras akaniuliza hali, nikamwambia sijambo, karibu sana. Akamwuliza Mama, Mama akasema mgonjwa yuko vizuri, ni baridi tu, sisi watu wa ziwani hatujaizoea. Mbasa akaiva. Ni nani aliyemnawisha mgeni mikono? Mimi. Birika mkono huu, beseni mkono huu, nimeinama, masikio yanavuma. Alipoaga nikamsindikiza mpaka barabarani, kwa kuwa sijawahi maishani mwangu kumwacha mgeni atoke peke yake. Tuliongea bei ya kahawa njia nzima. Akapanda bodaboda, akanipungia, nami nikampungia. Kisha nikakaa chini kwenye mtaro wa maji, na Getrude akaja na jirani wakanibeba kunirudisha ndani. Bwana Pankras alikuwa ameshakata kona.

Ndipo alipokupigia simu wewe, maana ndiwe niliyekuandika kuwa ndugu wa karibu. Uliyoyasema yote niliyakuta kwenye majibu yao. Kwamba mdogo wako ni mzima, ni mchapakazi, anaweza kazi yoyote, na Pasaka mlipokuja aliwapikia. Ulinieleza baadaye kwamba ulidhani ni watu wa kazini wanaotaka kunirudisha, ukanipigia debe. Hukumwuliza hata anapiga kutoka wapi?

Tena Pasaka sikuwapikia, Meshack. Nilikaa kwenye kigoda nikaelekeza, aliyesonga ugali ni shemeji Anjelina. Uliniona. Uliniona nikisimama kwenye kila ngazi, zile zile ulizozijenga wewe, nimeshika ukuta. Ukageuza uso ukaanza habari za mpira. Nilikuelewa siku ile, nikakusamehe papo hapo. Nilipoyasoma majibu ya bima nikautengua msamaha wangu.

Majibu yenyewe yalikuwa mafupi. Nimekutwa nadhifu, nahudumia wageni, natembea bila msaada, na ndugu wamethibitisha hali njema. Ombi limekataliwa. Madaktari waliutazama moyo wangu kwa mashine wakasema jambo moja, mbasa wa Mama akasema lingine, na aliyeaminiwa ni mbasa.

Nilimpigia Bwana Pankras nikamwaga yote niliyokuwa nayo hadi pumzi ikaisha. Alinisubiri nihemee, akasema taratibu kwamba yeye huandika anachokiona na anachoambiwa. Alisema kweli. Hilo lilinikera kuliko yote.

Daktari akaandika upya, nikakata rufaa, nao wakakubali kumtuma Bwana Pankras mara moja zaidi, ya mwisho. Nikamweka Mama chini nikamweleza. Safari hii hakuna kupika, hakuna kunivalisha, hakuna kusindikiza. Na akiulizwa hali yangu aseme ukweli, kwamba mwanawe anaumwa na hatapona. Mama aliniangalia kama nimemtukana. Akasema mdomo wake hauwezi kumtamkia mtoto wake neno hilo mbele ya mtu asiyemjua hata kwao. Kulisema ni kuliita, akasema.

Nilimjibu vibaya, kaka. Nilimwambia adabu yake itatulaza nje. Nilimwambia Liuli hana pa kurudi, tangu ziwa lilipopanda likachukua jiko na ukuta wa chumba chake, na kwamba nyumba hii ikiuzwa yeye na mkeka wake watahamia kwa nani? Kwako Kahama, kwenye vyumba viwili? Nikamwambia mwanangu Benno akimaliza chuo Iringa atarudi kwenye kiwanja cha mtu mwingine kwa sababu bibi yake aliona aibu. Alichukua ungo, akatoka nje, akakaa kuchambua dagaa wa usipa ambao walikuwa wameshachambuliwa.

Jumanne hii Bwana Pankras akaja. Moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi. Nilibaki na gauni la kulalia na sweta ya Benno, mito yangu mgongoni, miguu yangu wazi ilivyovimba. Getrude alimfungulia, akamleta hadi chumbani, akaenda zake. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani, na ile mikono ilikuwa haina raha. Mgeni ameketi nyumbani kwa mwanawe na hana hata maji ya kunywa mbele yake. Nadhani hilo peke yake lilimuumiza kama kuvuliwa nguo.

Bwana Pankras akaniuliza hali. Nikamjibu, "Naumwa." Nina miaka arobaini na sita na ni mara ya kwanza kujibu hivyo salamu ya mgeni. Hata yeye alishtuka kidogo. Akaniuliza mengine, nikajibu kwa vipande, nikipumzika kati. Kisha akageuka kwa Mama, akamwamkia tena kwa heshima, akasema, "Na wewe bibi, unamwonaje mgonjwa?"

Mama alikunja na kukunjua pindo la khanga yake mpaka nikajua tumekwisha. Nilianza kutafuta maneno ya kumsemea. Kisha akasema, hakunitazama, alimtazama yule mtu:

"Mwanangu, mimi nalala naye chumba hiki. Yeye halali. Anakaa hivi hivi unavyomwona mpaka kunapambazuka, na mimi najifanya nimelala nimsikilize kama bado anavuta. Nimezika watoto wawili Liuli. Pumzi hiyo naijua. Siku ile nilikudanganya, nikakupa na samaki. Huyu hatapona. Andika."

Akainuka, akatoka nje. Hakungoja kumsindikiza mgeni.

Kaka, mwezi mzima nilikuwa nikiudai ukweli kwa kelele. Ulipotamkwa sikuwa na mahali pa kuuweka. Kumbe anajua yote. Kumbe kila nilipojibana nisikohoe ili asiamke, alikuwa macho ananisikiliza, na asubuhi tunaulizana umelalaje, nzuri, na wewe, nzuri. Nililia mbele ya Bwana Pankras bila aibu yoyote. Na bado nilikuwa na hasira, sasa na mgeni huyu aliyelifanya neno lile lisemwe, na mimi niliyelilazimisha, na moyo huu wenyewe.

Bwana Pankras alifunga kalamu yake. Alisema ataandika kama alivyosikia. Ila kwa kuwa maneno yako ndiyo yaliyokuwa na uzito mkubwa safari ile, lazima akupigie tena kabla hajalifunga jambo hili, na amesema atafanya hivyo kabla ya mwisho wa mwezi. Akatoka peke yake. Nilimsikia akishuka ngazi zako, na hakuna aliyekuwa naye.

Alipokwisha kwenda Mama aliwasha moto. Baada ya muda akaniletea sahani, kipande kinono cha tumbo la mbasa, na ugali kidogo. Akaniambia, "Kula. Leo hakuna mgeni." Nikala chote akiniangalia.

Sasa umebaki wewe. Mama ameshafanya lake, na limemgharimu. Tangu Jumanne hajaimba jikoni. Usiniharibie. Namba ya Bwana Pankras nimeiandika nyuma ya karatasi hii ili ikiita uijue. Ukipokea usianze na Mungu ni mwema, wala usimwambie mimi ni mchapakazi. Usinipigie debe. Mweleze ulichokiona Pasaka, ngazi kwa ngazi, na nani aliyesonga ugali. Mwambie uligeuza uso. Akikuuliza kama naweza kazi, sema hawezi. Akikuuliza kama nitapona, sema hapana.

Najua utaona kama unanichimbia kaburi. Lakini mimi nitaumwa ukisema na nitaumwa usiposema. Kinachongoja mdomo wako ni chumba hiki, ambacho Mama analala na Benno atakirudia. Nikifia hapa nataka nife kwangu, na wewe uje upande ngazi zako mwenyewe kunizika, usije ukaulizia njia kwa mpangaji wa mtu.

Na ukishamaliza kuongea na yule bwana, nipigie. Nikisema nzuri, usikubali. Niulize tena.

Msalimie sana shemeji Anjelina, mwambie kitenge alichokisahau kwangu Pasaka bado ninacho na sirudishi. Wasalimie watoto, hasa Urbani mdogo na meno yake yaliyong'oka. Mama anakusalimu, hajui nimeandika nini, ila amesema nikwambie ule vizuri. Getrude naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Mungu akulinde huko chini ya ardhi unakoingia kila siku, akutoe salama kila jioni, na akupe ulimi mzito wa kusema nzuri siku simu ile itakapolia.

Mimi mdogo wako akupendaye, na anayeumwa,

Lidia